Dalili ya Mvua ni Mawingu: Uhakiki wa Kiswahili na Uvivu wa Kusoma Ishara

Utangulizi

Kuna maradhi yaliyoupata uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na kwa kuwa yamedumu muda mrefu, wengi wameyazoea hata wakayadhania kuwa ndiyo siha yenyewe. Maradhi hayo ni ya kukiita kila kitu ishara, kisha kuikabidhi kila ishara maana moja iliyokwisha kuandaliwa. Giza ni ujinga. Mwanga ni elimu. Mvua ni neema. Damu ni mapinduzi. Mlima ni vikwazo. Na mhusika akivaa nguo nyeupe, basi ni mtu wa roho safi. Mwanafunzi wa shule ya upili huikariri orodha hii ili apite mtihani. Anapofika chuo kikuu huja nayo pamoja na mizigo yake mingine, na aghalabu huondoka nayo vilevile, safari hii ikiwa imevishwa joho la tasnifu.

Makala haya yanashikilia kwamba orodha hiyo si uhakiki. Ni kamusi ndogo, tena mbovu, kwa sababu hata kamusi duni hukiri kwamba neno moja huweza kuwa na maana zaidi ya moja. Tatizo halitokani na upungufu wa nadharia. Nadharia zimejaa tele katika sura za pili za tasnifu, zimepangwa kama vyombo vya sebuleni ambavyo hakuna anayevilia. Tatizo ni kwamba swali la msingi haliulizwi. Mhakiki hukimbilia kuuliza kitu fulani ni ishara ya nini, kabla hajauliza kimekujaje kuwa ishara. Je, kinakiashiria kingine kwa sababu kinafanana nacho? Kwa sababu kimegusana nacho, au kimesababishwa nacho? Au kwa sababu tu watu wamepatana kwamba iwe hivyo?

Maswali hayo matatu ndiyo yaliyo nyuma ya mgawanyo wa ishara uliopendekezwa na mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914): ikoni, indeksi na simboli. Mgawanyo huo unatajwa mara nyingi katika semina na kutumiwa mara chache. Athari ya kuupuuza haiishii darasani. Jamii ambayo wasomi wake hawawezi kutofautisha dalili na nembo ni jamii ambayo huweza kuonyeshwa nembo ikaaminishwa kwamba imeonyeshwa dalili.

Aina tatu, si moja

Ikoni huashiria kwa mshabaha. Ramani ya Mombasa ni ikoni ya kisiwa hicho kwa kuwa mistari yake inafuata umbo la pwani. Picha ya mtu iliyochorwa ni ikoni ya mtu huyo. Indeksi huashiria kwa mshikamano wa kihalisi: moshi na moto, unyayo na mguu uliokanyaga, homa na maradhi, mawingu na mvua. Simboli huashiria kwa mapatano. Hakuna chochote katika sauti za neno "mti" kinachofanana na mti wala kilichogusana nao. Wasemaji wa Kiswahili wamerithi mapatano hayo, na wasemaji wa lugha nyingine wana mapatano yao.

Ni muhimu kusisitiza kwamba hivi si visanduku vitatu vya kutilia vitu. Ni njia tatu za kuashiria, na kitu kimoja huweza kuzipitia zote kwa wakati mmoja. Dereva yeyote aliyewahi kusafiri katika barabara kuu za Kenya anaijua ishara ya matawi yaliyotandazwa njiani. Kwa mapatano yasiyoandikwa popote, matawi hayo husema kwamba mbele kuna gari lililokwama. Hiyo ni simboli. Hata hivyo, dereva mwenye busara haishii hapo. Hutazama kama majani bado ni mabichi au yamekauka. Majani mabichi ni dalili kwamba kuna mtu aliyesimama hapo muda si mrefu uliopita akayavunja kichakani. Majani makavu ni dalili kwamba huenda gari lilikwisha kuondolewa. Matawi mabichi na matawi makavu ni simboli moja, lakini ni indeksi mbili. Dereva anayesoma simboli pekee atapunguza mwendo bure. Anayesoma zote mbili atajua la kufanya. Wahakiki wengi wa Kiswahili, kwa bahati mbaya, husoma kama dereva wa kwanza.

Ikoni nayo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Katika milango ya vyoo vya umma huchorwa umbo la mtu mwenye vazi pana upande wa wanawake, na umbo la mtu mwenye miguu miwili inayoonekana upande wa wanaume. Mchoro huo unadai kuashiria kwa mshabaha. Lakini mzee wa Lamu aliyevaa kanzu au kikoi anafanana zaidi na umbo lililo katika mlango wa wanawake. Haingii humo, kwa kuwa amejifunza mapatano ya watu wengine kuhusu jinsi mwanamume "anavyoonekana". Hapa ndipo mapatano yanapojificha ndani ya mshabaha, na ndipo kazi ya mhakiki inapoanza: kuuliza mshabaha huo umepatanwa na nani, na nani hakuulizwa.

Sehemu ya lawama ni ya wale walioupokea mkabala wa Ferdinand de Saussure (1857–1913) bila ya kuupima. Kitabu kilichotokana na mihadhara yake, kilichochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, kilisisitiza kwamba uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Saussure alizungumzia lugha kwanza kabisa, na katika lugha kauli hiyo ina nguvu. Wafuasi wake waliitoa katika lugha wakaitandaza juu ya kila kitu: mavazi, vyakula, majengo, miili. Iwapo kila ishara ni ya nasibu, basi mhakiki ana ruhusa ya kuipa maana yoyote. Orodha ya giza na mwanga ilipata hapo utetezi wa kinadharia ambao haikustahili.

Lugha ilikwisha kujua

Hoja ya kwanza itakayotolewa dhidi ya makala haya inajulikana: kwamba semiotiki ni nadharia ya kigeni, na fasihi ya Kiswahili ihakikiwe kwa vigezo vyake. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama wanaoitoa wangevisikiliza vigezo hivyo. Kiswahili kina neno dalili, kina mfano na mshabaha, kina alama na nembo. Anayesema kwamba dalili ya mvua ni mawingu hasemi kwamba mawingu ni alama ya mvua, wala kwamba mawingu yanafanana na mvua. Anasema kwamba mawingu na mvua vimeshikana, na aliye na macho atajiandaa. Methali hiyo imeieleza indeksi bila ya kumsubiri Peirce.

Neno ishara lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako linahusu kuashiria kwa maana ya kuelekeza kwa mkono, kwa jicho au kwa kichwa. Katika karne ya 9 mwandishi wa Basra, al-Jahiz, alitaja njia tano za kubainisha maana: tamko, ishara ya kiungo, hesabu ya vidole, maandishi, na hali ya kitu chenyewe, kwani kisicho na ulimi nacho hubainisha kwa jinsi kilivyo. Kwa hiyo lugha iliyokikopesha Kiswahili neno hilo ilikuwa na mjadala kuhusu aina za ishara zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Peirce. Mhakiki anayedai kulinda asili huku akiitumia "ishara" kwa maana moja tu, anailinda asili asiyoijua.

Sarufi nayo inashuhudia. Tanakali za sauti ni sehemu ya lugha iliyo karibu na ikoni: kitu kinachoanguka majini chubwi na kinachoanguka mchangani tifu havikuanguka kwa sauti moja, na msemaji hujaribu kuuiga mwanguko wenyewe. Hata hivyo, mapatano yamo humo pia, maana jogoo wa Lamu na jogoo wa London huwika kwa namna moja lakini kila lugha huandika mwiko wake. Viwakilishi kama huyu, yule, hapa na sasa, pamoja na mimi na wewe, ni sehemu ya lugha iliyo karibu na indeksi. Havina maana kamili mpaka ijulikane nani anasema, amesimama wapi, na wakati gani. Mwanafunzi anayechambua tamthilia bila ya kuvitazama viashiria hivi ameacha nje nusu ya kinachotendeka jukwaani.

Badala ya kuutumia utajiri huo, taaluma imeuvuruga. Ishara, alama, taashira, jazanda na taswira hutumiwa leo kwa maana moja, kesho kwa maana nyingine. Neno taashira hasa lina mkasa: kuna wanaolitumia kwa maana ya simboli, na kuna wanaolitumia kwa maana ya tamathali ambayo kitu hutajwa kwa jina la kingine kilicho karibu nacho, kama vile kusema "jembe" kwa maana ya mkulima. Mgongano huo si wa istilahi tu. Mwaka 1956 Roman Jakobson alionyesha kwamba sitiari hujengwa juu ya mshabaha ilhali tamathali ya aina ya "jembe" hujengwa juu ya ukaribu. Kwa maneno mengine, sitiari ni jamaa ya ikoni, na taashira kwa maana hiyo ya pili ni jamaa ya indeksi. Mwalimu anayezichanganya anamfundisha mwanafunzi kwamba kufanana na kugusana ni jambo moja.

Kanga na mtu anayeivaa

Kanga imeandikiwa mengi, na mengi ya hayo yanaonyesha vizuri maradhi yanayozungumzwa hapa. Mtafiti hukusanya majina ya kanga, huyapanga kwa maudhui, kisha hutangaza kwamba majina hayo ni ishara ya ukombozi wa mwanamke, au ya subira, au ya wivu. Kazi kama hiyo imeisoma kanga kama kitabu kilicho rafuni.

Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Jina lake, kwa kuwa ni maneno, ni simboli. Michoro ya mji, iwe korosho, ua au nanasi, huashiria kwa mshabaha. Na inasemekana vazi lenyewe lilipata kuitwa kanga kwa sababu madoadoa yake ya mwanzo yalifanana na ya ndege huyo. Lakini kanga husema sana pale inapoanikwa kambani ikielekezwa dirisha la jirani, au inapovaliwa arusini mbele ya mtu mmoja kati ya mia. "Mtaka yote hukosa yote" ni methali inayojulikana na kila mtu. Haimdhuru yeyote ikiwa dukani. Ikifungwa kiunoni na mke mkubwa siku mke mdogo anapoingia nyumbani, imekuwa kidole kinachonyooshwa.

Nguvu ya kanga imo katika pengo lililo kati ya simboli na indeksi. Simboli iko wazi, kila asomaye ataiona. Indeksi iko wazi pia kwa anayehusika, lakini yaweza kukanwa. Akiulizwa, mwenye kanga atasema ameipenda rangi. Hakuna baraza litakalomhukumu kwa kuvaa methali. Ndiyo sababu kanga huweza kutukana bila ya kutukana, na ndiyo sababu imekuwa silaha ya watu ambao hawakuruhusiwa kusema waziwazi. Mtafiti aliyeyanakili majina mia mbili bila ya kuuliza nani alivaa, lini, na mbele ya nani, amekusanya risasi akaacha bunduki. Hata neno "ukombozi" analolitumia halina uzito, kwa kuwa hakuonyesha namna ukombozi huo unavyotendwa.

Maji ya Kinjeketile

Mfano mzito zaidi umo katika fasihi andishi yenyewe. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani kusini mwa Tanganyika kati ya mwaka 1905 na 1907. Muulize mwanafunzi yeyote maji katika tamthilia hiyo ni ishara ya nini, naye atajibu bila ya kusita: umoja. Jibu hilo litapewa alama zote. Nalo ndilo linaloiua tamthilia.

Kama maji yangekuwa simboli ya umoja na si zaidi, hakungekuwa na tanzia. Watu wangeyapokea kama watu wanavyoipokea bendera, wakajua kwamba bendera haizuii risasi. Lakini wapiganaji hawakuyapokea maji kwa njia hiyo. Kwao maji yalikuwa na mshikamano wa kihalisi na usalama wa miili yao: anayenyweshwa au kunyunyiziwa hapatwi na risasi, kama vile anayelowa mvua anavyolowa. Waliyasoma kama indeksi ya nguvu iliyokwisha kuwaingia. Hata ile imani kwamba risasi zingegeuka kuwa maji ina ikoni ndani yake, kwani maji humwagika na kupita bila ya kujeruhi, na risasi ilitazamiwa kufanana nayo.

Kinjeketile wa Hussein, ambaye mwandishi mwenyewe alimtenga na Kinjeketile wa historia, anafikia hatua ya kuyaona maji kwa njia nyingine. Anatambua kwamba kazi yaliyoifanya ni kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka. Thamani yake ni ya mapatano. Lakini ishara ikishatoka mkononi mwa aliyeitoa, huwa ya wanaoifasiri. Watu hawamngoji. Wanakwenda vitani na fasiri yao, na huko wanakutana na ishara ambayo hakuna mapatano yanayoweza kuibadilisha: jeraha. Risasi inapoingia mwilini, damu haiashirii mapinduzi. Inaashiria kwamba risasi imeingia.

Mwisho wa tamthilia unaeleweka kwa njia hii tu. Kinjeketile anatakiwa kukana, aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Msomaji wa orodha huona hapo ushujaa, akaendelea na swali linalofuata. Lakini kinachokataliwa ni hukumu maalumu sana. Ikiwa atasema maji hayakuzuia risasi, atakuwa amesema kweli kuhusu indeksi. Lakini wanaomsikiliza watasikia kwamba simboli nayo ni ya uongo, kwamba umoja haukuwapo na kupigania ardhi yao lilikuwa kosa. Hawezi kuikana moja bila ya kuiangamiza nyingine, kwa kuwa zimekaa katika chombo kimoja. Kama maji yangekuwa indeksi tupu, tamthilia ingekuwa hadithi ya ulaghai. Kama yangekuwa simboli tupu, ingekuwa hotuba ya kizalendo. Imekuwa tamthilia kubwa kwa sababu maji ni yote mawili, na wanaoyanywa hawajui kwamba ni mawili. Jibu la "umoja" halielezi lolote kati ya hayo.

Damu hiyohiyo ya kwenye orodha inafunza jambo jingine katika Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Mke wa Makbeth anawapaka damu walinzi waliolala ili waonekane wauaji. Anaghushi indeksi. Anajua kwamba watu huamini dalili kuliko maneno, na kwa hiyo dalili ndiyo inayofaa kughushiwa. Baadaye, akiwa usingizini, anaosha mikono isiyo na damu yoyote; dalili imetoweka duniani ikabaki ndani yake. Mhakiki anayesema kwamba damu ni ishara ya hatia hajakosea, lakini amechelewa. Kilichotakiwa kuelezwa ni namna damu ilivyohama kutoka mikono ya mmoja hadi nyuso za wengine, kisha ikarudi.

Ishara na madaraka

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mambo ya wasomaji wa vitabu. Historia ya karibuni ya Kenya inakanusha dhana hiyo. Jogoo aliyekuwa nembo ya KANU yumo katika ngao ya taifa, ameshika shoka. Nembo ya chama ikawa nembo ya wote, na wengi hawakuulizwa. Katika enzi ya chama kimoja, kidole kimoja kilichoinuliwa kilikuwa ikoni ya idadi na simboli ya chama, lakini zaidi ya yote kilikuwa indeksi ya utiifu: mkono ulionekana umeinuka au haukuonekana. Wapinzani walipoanza kuinua vidole viwili mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wakibishana na serikali katika sarufi ileile ya kidole.

Mlolongo wa mwaka 1988 unastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa semiotiki. Mpiga kura alitakiwa kusimama hadharani nyuma ya mgombea au mwakilishi wake. Mwili wake ndio uliokuwa kura, na mstari mrefu ulikuwa indeksi iliyo wazi kwa kila mwenye macho. Hata hivyo, katika baadhi ya maeneo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mshindi. Tangazo, ambalo ni maneno na tarakimu, yaani simboli, liliwekwa juu ya indeksi iliyokuwa ikionekana, na wananchi wakatakiwa kuamini tangazo. Hasira iliyofuata haikutokana na kushindwa tu. Ilitokana na kuambiwa kwamba macho hayakuona.

Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, wananchi waliulizwa kuhusu rasimu ya katiba kwa ndizi na chungwa. Matunda hayo hayakufanana na chochote katika rasimu. Yalikuwa simboli tupu. Chungwa likashinda, kisha likawa jina na nembo ya chama cha ODM, na wengi waliolishangilia baadaye hawakukumbuka ibara hata moja waliyoikataa. Mwaka 2010 matunda yaliachwa, zikachukuliwa rangi: kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa la. Zilionekana kuwa hazina upande. Lakini kila mtumiaji wa barabara alikwisha kufunzwa kwamba kijani ni kupita na nyekundu ni kusimama, na katika bendera ya taifa kijani ni ardhi na nyekundu ni damu iliyomwagwa. Kijani ilipata zaidi ya thuluthi mbili ya kura. Katiba ilikuwa na sababu zake nzuri za kupita, na makala haya hayadai kwamba rangi ndiyo iliyoipitisha. Yanadai tu kwamba hakuna simboli inayofika kwa mfasiri ikiwa mikono mitupu.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti, na upeperushaji wa matokeo ulikuwa kiini cha kesi. Tarakimu zilikuwa zimetangulia; fomu nyingi za vituo zilichelewa. Lugha ya sheria ina njia yake ya kulieleza jambo hilo, lakini kwa semiotiki ni jambo jepesi kueleza: simboli zilikuja bila ya indeksi zake. Mwaka 2022 picha za fomu 34A ziliwekwa katika tovuti ambapo kila mtu angeweza kuzitazama, na kesi iliyofuata iliuliza kama picha hizo zilikuwa kweli alama za fomu zilizotiwa saini vituoni. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama iliridhika kwamba hapakuwa na tofauti kubwa. Taifa zima lilishinda siku kadhaa likibishana kuhusu ikoni na indeksi, na idara za fasihi, ambazo hulipwa kuyajua mambo hayo, hazikuwa na la kusema.

Ukimya huo utagharimu zaidi siku zijazo. Picha ya kamera iliaminiwa kwa muda mrefu kwa kuwa haikuwa ikoni tu. Mwanga uliotoka kwa kitu ndio ulioiandika, na kwa hiyo ilikuwa dalili kwamba kitu kilikuwapo. Leo kompyuta hutengeneza sura ya mtu akisema asilolisema, mahali asipofika. Ikoni imebaki kamili, indeksi imekatwa. Mke wa Makbeth alihitaji damu ya kweli. Waghushi wa sasa hawaihitaji.

Mabishano yaliyosalia

Watakaotetea orodha watasema kwamba ishara huchanganyika, na kwa hiyo kuzigawa ni kazi bure. Kuchanganyika ndiko sababu ya kuzigawa. Mpishi hugawanya chumvi na sukari si kwa kuwa havitiwi katika chungu kimoja, bali kwa sababu hutiwa.

Watasema pia kwamba mtihani unataka majibu mafupi. Mtihani hutungwa na watu waliosomeshwa na vyuo vikuu hivihivi. Swali la "kitu hiki ni ishara ya nini?" laweza kuandikwa upya bila ya gharama yoyote: kitu hiki kinaashiriaje, kwa nani, na nani ananufaika kikifasiriwa hivyo? Mwanafunzi wa miaka kumi na saba anayeweza kuzisoma kanga za mama yake na matawi ya barabarani hashindwi na swali hilo. Ameshindwa tu kuulizwa.

Na wale wanaodai kwamba orodha ya giza na mwanga ndiyo asili ya Mwafrika hawana budi kuitazama upya. Mgawanyo wa giza la upagani na mwanga wa ustaarabu ulihubiriwa na wamisheni na kuandikwa na watawala. Katika pwani ambako jua la adhuhuri huunguza, kivuli ndicho rehema. Na ngano zilitambwa usiku, si mchana. Anayemfundisha mtoto kwamba giza ni ujinga popote linapotokea anamrithisha mkoloni akidhani anamrithisha babu.

Hitimisho

Kinachopendekezwa hapa si kuongeza sura nyingine ya nadharia katika tasnifu. Ni kwamba mtahini wa tasnifu akatae kuipitisha kazi yoyote inayotaja ishara bila ya kueleza njia yake ya kuashiria. Kwamba istilahi za ishara, alama na taashira zikubaliwe maana na idara zote zinazofundisha Kiswahili, hata kama ni kwa kupiga kura. Na kwamba vitu vya kila siku, kuanzia kanga hadi fomu ya uchaguzi, viingizwe katika kozi ya uhakiki vikiwa na hadhi sawa na shairi. Mhakiki asiyeweza kueleza kwa nini maji ya Kinjeketile yaliaminiwa hawezi kumsaidia mtu yeyote kujua kitu gani kinafaa kuaminiwa leo.